Programu za Sauti Nazo Zahitaji Watafsiri

Mwanafunzi wa isimu anaporudi kutoka Kibera na rekodi ya mazungumzo, huwa amebeba kitu ambacho hakikupatikana kwa urahisi. Amekaa saa mbili katika chumba cha mabati, akangoja mvua ipite kwa kuwa matone juu ya paa humeza kila konsonanti. Amemsihi jirani apunguze redio. Amekunywa chai vikombe viwili kwa heshima ya mwenye nyumba. Ndipo ajuza wa watu akakubali kusimulia mambo ya ujana wake. Mwaka 2018 nilipoteza rekodi ya namna hiyo. Haikuibwa, wala haikuloa maji. Ilipotea kwa sababu ya agizo moja la neno moja ambalo sikuliandika katika programu niliyowapa wanafunzi wangu, na sikuliandika kwa kuwa katika tarakilishi yangu mwenyewe agizo hilo halina kazi yoyote.

Namwomba msomaji anivumilie nieleze jinsi mambo yalivyokuwa, maana naamini kwamba suala hili, ambalo sisi wa idara za lugha tumezoea kuwatupia wenzetu wa sayansi ya tarakilishi, ni suala letu hasa. Ni suala la tafsiri.

Tulikuwa tukikusanya sampuli za usemi kutoka mitaa miwili ya Nairobi. Katika Kibera tulikwenda Makina, wanakoishi Wanubi wengi, kurekodi Kinubi cha wazee. Lugha hii ilizaliwa kutokana na Kiarabu cha askari waliotoka Sudan, ambao vizazi vyao vilihudumu katika jeshi la King's African Rifles. Bernd Heine aliiandikia kitabu mwaka 1982, na jina la Kibera lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Katika Kawangware tulirekodi Sheng ya vijana wa kituo cha matatu cha 46. Tangu Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde walipochapisha makala yao kuhusu Sheng na Engsh mwaka 1997, msamiati wa Sheng umekwisha kujibadilisha mara kadhaa, hata kijana wa leo humcheka kaka yake kwa maneno ya juzi. Kwa hiyo rekodi ya mwaka fulani haiwezi kurudiwa mwaka unaofuata. Kwa wazee wa Makina sababu ni nyingine, nayo haihitaji kuelezwa.

Zana zetu zilikuwa programu huria, zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha. FFmpeg hufungua sauti iliyobanwa na rununu. SoX, iliyoanza mwaka 1991, hubadilisha kasi ya sampuli na kupunguza makelele. Praat, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, hupima vokali na kiimbo. Kila moja ina kazi yake, na ili kazi nzima itendeke lazima programu moja iziite nyingine na kuzipokezanisha sauti. Hapa ndipo penye mkasa.

Desturi hii ya kugawana kazi ilitoka katika mfumo endeshi wa Unix, ulioanzishwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1969. Doug McIlroy alikuwa amependekeza tangu 1964 kwamba programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na mwaka 1973 Ken Thompson akaliingiza wazo hilo katika Unix kwa jina la bomba. Programu ya kwanza humimina, ya pili huteka papo hapo, na hakuna kinachohifadhiwa njiani. Mkazi wa Kibera hahitaji kufafanuliwa tofauti kati ya bomba na mtungi wa lita 20. Huko mabomba ya plastiki hupita juu ya vichochoro, na pale yasipofika, mtungi hujazwa, hubebwa, kisha humiminwa. Nastaajabu kila mara ninapokumbuka kwamba MS-DOS ilipopewa bomba mwaka 1983, bomba hilo lilikuwa mtungi uliopakwa rangi: programu ya kwanza ilifanya kazi yake yote na kuiweka katika faili ya muda, ndipo ya pili ikaruhusiwa kuanza kuisoma.

Tukirudi kwenye Unix, programu inapotaka msaidizi hujigawa. Agizo lenyewe huitwa fork, jina lenye maana ya njiapanda, nalo halihitaji maelezo yoyote. Programu hulitamka tu, na mara huwapo mbili zinazofanana kama pacha. Zina kumbukumbu ileile, zimefikia mstari uleule wa maagizo, na zimeshika faili zilezile zilizokuwa wazi. Zinachotofautiana ni jibu: mzazi hupewa nambari ya mtoto, naye mtoto hupewa sufuri, na kwa jibu hilo kila mmoja hutambua yeye ni nani. Baada ya hapo mtoto huunganisha mabomba yake apendavyo, kisha huivua programu ya mzazi na kuvaa nyingine, mathalani SoX.

Windows haikupewa agizo hilo. Ina agizo liitwalo CreateProcess, ambalo halizai pacha bali huajiri mgeni. Mgeni huyo hajui lolote la nyumba anayoingia, kwa hiyo hana budi kuelezwa kila kitu mlangoni: aendeshe programu gani, aanzie wapi, arithi nini na asirithi nini. Agizo hilo lina nafasi 10 za kujazwa, ilhali fork haina hata moja. Mwalimu wa tafsiri atalitambua tatizo hili mara moja. Neno letu moja, "wangalipikiana", haliwezi kuingia katika Kiingereza bila kufumuliwa kuwa sentensi nzima, na anayelifumua ni lazima aamue mambo ambayo Kiswahili hakikumlazimisha kuyasema. Anayehamisha programu kutoka Unix kwenda Windows hufanya kazi hiyohiyo. Hapati neno la kuweka mahali pa fork. Hana budi ajiulize mwandishi wa kwanza alikusudia nini, kisha alieleze kusudi hilo upya.

Wapo walioamua kuiga badala ya kutafsiri. Cygwin, iliyoanza mwaka 1995, huiga fork juu ya Windows kwa kunakili kumbukumbu ya mzazi hatua kwa hatua, na kila aliyewahi kuitumia anajua jinsi inavyojikokota. Perl nayo, tangu toleo la 5.6 la mwaka 2000, hujifanya kuwa na fork katika Windows, ilhali kwa ndani hakuna mtoto aliyezaliwa: ni nyuzi mbili za kazi katika nyumba moja. Kwa matumizi madogo uigaji huu hutosha. Kwa sauti, ambayo haikubali kungoja, aghalabu hautoshi.

Lipo pia suala la mipaka ya maneno, nalo halina budi kumfurahisha mwanaisimu hata kama linamkera. Unix humkabidhi mtoto maneno yakiwa yametengwa tayari, kila moja katika nafasi yake. Windows humkabidhi mstari mmoja mrefu, kisha kila programu hujikatia maneno yenyewe. Ukiipa rekodi yako jina la bata mzinga na kuyaandika maneno hayo mbalimbali, programu isiyoonywa itamtafuta bata, imkose, halafu itafute mzinga. Sisi tunaosahihisha insha tunajua ugomvi wa "kwa hivyo" na "kwahivyo", na tulidhani ni ugomvi wetu peke yetu.

Sasa niueleze mkasa wenyewe. Programu niliyowapa wanafunzi niliiandika kwa Perl. Naipenda lugha hiyo kwa kuwa mwanzilishi wake, Larry Wall, alisomea isimu akikusudia kuziandikia maandishi lugha zisizokuwa nayo. Niliiandika ofisini, juu ya Linux, nikaijaribu juu ya Linux, nikaridhika. Ilikuwa na sehemu mbili, moja ya kumimina sauti katika bomba na moja ya kuiteka. Mwanafunzi wa Kawangware alichukua ya kwanza na mwenzake wa Kibera akachukua ya pili. Wote wawili walitumia vipakatalishi vya mtumba vyenye Windows.

Baada ya siku tatu kijana wa Kawangware alileta faili kumi na moja. Nikazifungua. Sauti ilisikika, ikageuka mchemko wa mafuta, ikasikika kidogo, ikachemka tena, mamia ya mara, hata maneno hayakutambulika. Nilimkaripia. Nilimwambia kwamba alirekodi kando ya mashine ya kusaga unga.

"Daktari," akaniambia kwa upole, "niliisikiliza kwenye simu kabla ya kuondoka. Ilikuwa safi kabisa."

Sikumsadiki. Jambo hilo naliona aibu hadi leo.

Chanzo ni historia ya mashine za kuandikia kwa umeme, zile zilizotuma herufi kwa waya. Nambari 13 ilikuwa amri ya kukirudisha kichwa cha mashine mwanzo wa mstari, na nambari 10 amri ya kusogeza karatasi. Unix iliamua kwamba mstari humalizwa na 10 pekee. MS-DOS, na Windows baada yake, zikafuata CP/M na kutumia zote mbili. Kwa hiyo katika Windows, programu inapoandika maneno, kila 10 hutanguliziwa 13 kimyakimya, na inaposoma, ile 13 huondolewa. Kwa barua na mashairi huo ni ukarimu. Kwa sauti ni maangamizi, kwa kuwa sauti ni nambari tupu, na 10 katika sauti si mwisho wa mstari wowote.

Hebu tupige hesabu. Rekodi yenye sampuli 16,000 kwa sekunde na baiti mbili kwa kila sampuli hupitisha baiti 32,000 kila sekunde. Lau nambari zote 256 zingetokea kwa usawa, nambari 10 ingejitokeza mara 125 kwa sekunde. Kila inapojitokeza baiti ngeni huingizwa, na foleni nzima husogea hatua moja: baiti ya pili ya sampuli hii husomwa kama ya kwanza ya sampuli ijayo. Hapo sauti hugeuka kelele. Ikiingizwa nyingine, mpangilio hurudi, na sauti husikika kwa kitambo. Ndiyo maana kijana yule aliniletea mafuta yanayochemka na kutulia.

Perl ina agizo la kuzuia haya, binmode, linaloiambia mashine kwamba kinachopita si maandishi. Katika Linux agizo hilo halibadilishi kitu katika kazi kama ile yangu, na kwa hiyo sikuwahi kuhisi kutokuwepo kwake. Ukiyasoma maandishi ya ndani ya SoX utakuta waandishi wake walilikabili jambo hilohilo: bomba linapofunguliwa katika Windows huongezwa herufi moja, b, na katika mifumo mingine herufi hiyo huachwa. Wala si kwamba ingeweza kuachwa mahali pote bila madhara, kwa maana Linux ikiiona huikataa. Herufi inayookoa huku huharibu kule. Audacity nayo, iliyotolewa mwaka 2000, huruhusu programu nyingine kuiongoza kwa bomba, ila bomba hilo lina jina moja katika Windows na jina jingine kabisa katika Linux, na hata alama ya kumaliza amri ni tofauti.

Faili za Kawangware tuliziokoa. Kwa kuwa kila 10 iliongezewa 13 moja, ilitosha kuondoa 13 moja mbele ya kila 10, na sauti zikarudi bila upungufu wowote. Nilimwita yule kijana, nikamwomba radhi mbele ya wenzake.

Faili za Kibera zilikuwa nne, na hizo zilikuwa upande wa kuteka. Katika kusoma, Windows ina desturi moja zaidi iliyorithiwa kutoka CP/M. Mfumo ule ulihesabu faili kwa mafungu ya baiti 128, haukujua fungu la mwisho limejaa kiasi gani, na kwa hiyo mwisho wa maandishi uliwekewa alama, nambari 26. Programu yangu ikisoma sauti kama maandishi, ilipokutana na 26 ya kwanza iliamini kwamba faili imekwisha. Ikafunga kazi salama salimini, ikatoa taarifa ya ufanisi. Mstari uliofuata, ambao niliuandika kwa mkono wangu ili kuokoa nafasi, ukafuta rekodi ya asili.

Rekodi mbili kati ya hizo nne zilikuwa na nakala katika simu ya mwanafunzi. Ya tatu tuliirudia, na mzee wa watu akatupokea vizuri ingawa simulizi ya mara ya pili haikuwa na ladha ya ile ya kwanza. Bibi wa nne alikuwa amekwisha kufariki tulipobisha hodi. Faili yake ninayo. Haifiki sekunde moja. Kimya cha chumba huandikwa kwa nambari zilizo karibu na sufuri, na 26 hungoja mpaka sauti ipande. Kwa hiyo faili hukatika palepale msemaji anapofungua kinywa.

Najua watakaosema kwamba dawa ni moja, vijana wahamie Linux. Wanaosema hivyo hawajakaa katika saiba ya Kawangware. Mwenye saiba anaishi kwa kuchapisha fomu za HELB, kujaza marejesho ya KRA na kufungua kurasa za eCitizen, na mashine zake zina Windows kwa kuwa ndivyo zilivyokuja. Mwanafunzi anayelipia dakika hana ruhusa ya kubadilisha mfumo wa mtu. Tangu 2016 Microsoft imeweka njia ya kuendesha programu za Linux ndani ya Windows 10, nayo ni njia nzuri, lakini kipakatalishi cha mtumba chenye Windows 7 hakina njia hiyo. Simu nazo zina vikwazo vyake. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, hivyo mtu angedhani kwamba mambo yote ya Unix yatapita. Lakini tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu iliyotengenezwa kwa toleo hilo au la baadaye hairuhusiwi kuendesha faili iliyoiandika yenyewe katika hifadhi yake. Kwa sababu za usalama uamuzi huo una hoja. Kwa mwanafunzi aliyetaka kuiita FFmpeg kutoka simuni ni mlango uliofungwa.

Wala sisemi kwamba Unix ndiyo lugha sanifu na nyingine ni lahaja zilizoharibika. Mwaka 2019 watafiti wa Microsoft, Chuo Kikuu cha Boston na ETH Zurich walichapisha makala wakidai kwamba fork imepitwa na wakati na kwamba ifundishwe kama kitu cha historia. Wana hoja nzito: pacha hurithi hata asichohitaji, na programu yenye nyuzi nyingi za kazi ikijigawa, mtoto huweza kurithi kufuli lisilo na mtu wa kulifungua. Ninacholalamikia ni tabia ya mwandishi, nami nikiwamo, ya kudhani kwamba nahau ya kwao ni ya walimwengu wote. Programu huria husifiwa kwamba ni ya kila mtu. Leseni yake ni ya kila mtu, ndiyo, lakini matendo yake ya ndani huwa na kwao.

Sisi wa Kiswahili tulishughulika sana na uso wa programu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kazi ya kutukuka, na hapa Kenya tumebishana miaka mingi iwapo tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mabishano hayo nayapenda. Lakini mwanafunzi aweza kusoma kila neno la menyu kwa Kiswahili fasaha, na bado sauti ya nyanya yake ikakatwa na nambari 26.

Ndiyo maana napendekeza kwamba idara zetu za lugha ziingize uhamishaji wa programu katika somo la tafsiri, angalau kwa wiki mbili. Napendekeza pia kwamba zana yoyote inayopewa mwanafunzi ijaribiwe kwanza katika mashine duni kuliko zote ambazo mwanafunzi huyo ataitumia, na kwamba pasiwe na programu inayofuta rekodi ya asili kabla ya binadamu kuisikiliza nakala hadi mwisho. Pale bomba linapoleta utata, mtungi utumike: faili ya muda iandikwe, isomwe, ndipo ifutwe. Ni polepole, tena hula nafasi, lakini hufika. Katika meza yangu sasa pana kipakatalishi cha mtumba kinachochukua dakika nne kuwaka, na hakuna programu inayotoka ofisini bila kupita hapo.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wa tafsiri programu ileile ya mwaka 2018, pamoja na makosa yake yote, waihamishe. Mmoja wao, binti wa Kawangware, aliinua mkono akauliza kama alama zitakwenda kwenye isimu au kwenye tarakilishi. Nilimjibu kwamba ni swali la tatu katika karatasi ya tafsiri, na kwamba atafute kwanza ni mahali gani mwandishi alidhani msomaji wake anaishi kwao.